Miaka miwili ya kuandikiwa amiba: kisa cha muuza dagaa wa Kibirizi

Daftari lake la matibabu lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma. Zahanati, kituo cha afya, maabara ya mtu binafsi, duka la dawa, zahanati tena. Kila mahali waliandika cha kwao: amiba, taifodi, minyoo, UTI, bawasiri, vidonda vya tumbo, amiba tena. Metronidazoli, dawa ya amiba, nilizihesabu kozi sita, na siprofloksasini, dawa ya bakteria, kozi nne. Nilichotafuta kila ukurasa nisikione ni mstari unaosema kwamba kuna mtu aliyetazama njia ya haja kubwa ya mgonjwa huyu, hata kwa kidole chenye glavu. Miaka miwili mtu anatoka damu mahali pale pale, na mahali penyewe hapajatazamwa.

Ugonjwa wake ulikuja kupata jina: kolaitisi ya vidonda, yaani ugonjwa wa kudumu wa vidonda vya utumbo mpana. Mwenyewe ameridhia mimi, daktari wake, nikiandike kisa hiki. Umri, mtaa na mambo mengine machache nimeyabadilisha ili asitambulike.

Alikuwa na miaka 28, mama wa watoto wawili, mkazi wa Ujiji. Riziki yake ni dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika: anawapokea alfajiri pale Kibirizi mitumbwi ikirudi, anawaanika, anawauza kwa gunia kwa wachuuzi wanaowapeleka Kasulu na Tabora. Dalili zilianza katikati ya 2021. Kwanza damu kidogo juu ya choo, akadhani ni bawasiri. Baada ya wiki chache choo kikawa chepesi, kina damu na ute, mara tatu kwa siku, kisha tano, kisha usiku nako akawa anaamka. Tumbo linasokota upande wa kushoto kabla ya kwenda na linatulia kidogo baada ya kwenda, lakini haja haiishi: anatoka chooni, anafunga kanga, anajisikia haja ileile.

Kulikuwa na vipindi vya nafuu. Hilo ni jambo la kuliangalia sana, kwa sababu ndilo lililowapoteza wengi. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Akimeza dawa wakati unashuka, dawa inapewa sifa; ukipanda tena baada ya mwezi, inaandikwa kwamba amiba "wamerudi".

Kwa nini amiba

Mtu asiwalaumu haraka wahudumu wa zahanati. Kigoma ni mkoa uliozoea kipindupindu na kuhara damu. Mgonjwa anayeanza leo kuharisha damu hapa, mara nyingi ana maambukizi: bakteria wa shigela au kampilobakta, amiba wa kweli, na kwa mtu anayeshinda majini, kichocho cha utumbo. Kumtibu maambukizi wiki ya kwanza ni sahihi, na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Tatizo ni kozi ya tatu, ya nne na ya sita. Maambukizi mengi ya kuhara damu hayadumu miezi. Choo cha damu kikipita wiki nne, au kikirudi mara mbili tatu baada ya dawa kumalizwa vizuri, hapo swali lenyewe linapaswa kubadilika. Kuna na jambo la hadubini ambalo halisemwi vya kutosha. Sisti (vijifuko anamojifungia amiba, ambavyo wengi huviita mayai) za amiba anayeleta ugonjwa, *Entamoeba histolytica*, zinafanana kabisa na za ndugu yake *Entamoeba dispar*, anayeishi tumboni bila kumdhuru mtu. Kwa kioo cha kawaida huwezi kuwatofautisha. Kinachotia nguvu ni kumwona amiba hai aliyemeza chembe nyekundu za damu. Mtu anaweza kuonekana na sisti kwenye choo na damu yake ikawa inatoka kwa sababu nyingine kabisa. Kipimo cha Widal nacho, ambacho kilimpa jina la taifodi mara mbili, kinaweza kukutana na kingamwili za maambukizi ya zamani. Karatasi za maabara zikaonyesha kitu, na kitu kikatibiwa.

Likaja goti. Mwaka wa pili goti la kulia lilivimba, halafu kifundo cha mguu wa kushoto. Duka la dawa wakampa diklofenaki, akameza kwa wiki kadhaa, na damu ikaongezeka. Goti na utumbo vilikuwa ugonjwa mmoja. Kolaitisi ya vidonda hutoka nje ya utumbo kwa baadhi ya wagonjwa: viungo vinavimba, macho yanakuwa mekundu na kuuma, miguuni hutokea mabonge mekundu yenye maumivu, na wachache huharibikiwa mirija ya nyongo. Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuuamsha. Kwa hiyo mtu anayeharisha damu huku goti limevimba ni mtu wa kuulizwa maswali zaidi kabla ya kuuziwa kidonge.

Alivyoishi nao

Hapa nataka kukaa kidogo, maana kwenye vitabu vyetu sehemu hii hupewa sentensi moja.

Biashara ya dagaa inataka mtu asimame penye mzigo wake. Ukiondoka, bei inapangwa bila wewe, na gunia linaweza kupungua. Choo cha karibu na anapofanyia kazi ni cha kulipia, shilingi 200 kila unapoingia, na asubuhi kina foleni. Mtu wa kwenda mara nane anatoa 1,600 kwa siku kabla hajanunua chai, na foleni yenyewe haimsubiri: haja ya ugonjwa huu ikija, una dakika mbili au huna. Akaanza kutokula kabisa tangu usiku hadi saa sita mchana. Akaacha kwenda Kibirizi siku za giza, zisizo na mbalamwezi, ambazo ndizo dagaa huwa wengi, akamtuma mdogo wake. Mtaji ukaliwa.

Nilimuuliza kama aliwahi kumweleza mtu nyumbani.

"Nimweleze nani, daktari? Nguo zote za rangi nyeupe nimeshazigawa. Nikikaa kwa mtu nakaa juu ya kanga yangu, nikiinuka nageuka kuangalia. Mama mkwe anasema ni chango, shemeji anasema nimetupiwa kitu. Mimi nilinyamaza."

Mumewe ni mvuvi, mtu mpole. Alidhani mke amemchoka, kwa sababu mke alikuwa anamkwepa usiku na hasemi kwa nini. Majirani waliona alivyokonda, kutoka kilo 62 hadi 48, wakasema ana virusi. Alipima VVU, akapima tena, majibu hayana kitu, na hilo halikuwanyamazisha.

Ramadhani ilikuwa na mtihani wake. Alifunga yote, akiona mchana bila chakula ndio unampa nafuu, na kila jioni alikuwa amekauka maji mwilini. Swala zilimuumiza zaidi: anatawadha, anasimama, udhu unamtoka, anarudi kwenye ndoo. Alipokuja kumweleza sheikh wa mtaa wao, baada ya kujua ugonjwa wake, alijibiwa kwa upole sana kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga na kulipa siku zake akipata nafuu, na kwamba mwenye udhuru wa kudumu atatawadha wakati wa swala ukiingia, kisha ataswali hata kama kinachomtoka hakijakatika. Alilia, akasema laiti angeuliza mapema. Nimeshawaambia wenzangu kliniki kwamba kwa mgonjwa Mwislamu wa Ujiji maelezo hayo ni sehemu ya matibabu, na kama daktari hayajui, amwelekeze kwa mwenye kuyajua.

Siku aliyoletwa

Aliletwa 2023 kwa bodaboda, katikati ya mdogo wake na dereva, kwa sababu kusimama kulimshinda. Choo mara tisa hadi kumi kwa siku, chote cha damu. Mapigo ya moyo 112 kwa dakika, joto 38.1, wingi wa damu (hemoglobini) gramu 7.4. Kipimo cha ukali kinachotumika hadi leo kilitoka Oxford, kwa madaktari Truelove na Witts, mwaka 1955: choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na hata dalili moja kati ya mapigo kupita 90, joto kupita 37.8, damu chini ya 10.5, au ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, kupita 30. Yeye alikuwa nazo tatu. Huyu ni mgonjwa wa kulazwa siku hiyo hiyo.

Tuliweka dripu, tukamwongezea damu, tukachukua choo kwa ajili ya vimelea na kuotesha bakteria, tukampiga eksirei ya tumbo kuona kama utumbo mpana umetanuka kupita kiasi, maana ukitanuka unaweza kupasuka. Haukuwa umetanuka. Alikuwa na loperamaidi kwenye mkoba, kidonge cha kufunga choo, aliyonunua ili aweze kusafiri. Tuliichukua. Katika kolaitisi kali dawa hiyo inaweza kuuzubaisha utumbo mpaka ukatanuka kwa hatari, na watu wanaiuziana kama peremende.

Kisha tukafanya lile ambalo halikufanywa kwa miaka miwili. Ugonjwa huu una tabia moja inayotusaidia sana sisi wa mikoani: karibu kila mara huanzia kwenye rektamu, pale mwishoni kabisa, na kupanda juu bila kuruka sehemu. Kwa hiyo kile kifaa kifupi cha kutazamia njia ya haja kubwa, proktoskopu, chenye urefu wa kidole na kidogo zaidi, kinaweza kukuonyesha ugonjwa hata kama kamera ndefu ya kutazamia utumbo mpana wote iko mkoa mwingine. Bawasiri haikuwepo. Ngozi ya ndani ilikuwa nyekundu, imevimba, mishipa midogo haionekani, inatoka damu kwa kuguswa tu na pamba. Tulichukua vipande viwili vidogo vya nyama, tukavitia kwenye fomalini, dawa ya kuvihifadhi, vikasafiri kwenda Mwanza kwa mtaalamu wa patholojia, na mgonjwa akabaki kitandani kwake. Kumpakia yeye kwenye basi katika hali ile lingekuwa kosa kubwa, na hata kumwingiza kamera ndefu wakati utumbo umewaka namna ile kuna hatari ya kuutoboa.

Majibu ya choo hayakuwa na bakteria wala amiba hai. Hatukusubiri vipande kuanza tiba, ila kabla ya steroidi, dawa zinazotuliza uvimbe kwa kushusha kinga, tulimpa ivermektini, dawa ya minyoo. Kuna mnyoo anaitwa strongiloidesi, anaishi kimya katika watu wengi wa nchi zetu, na steroidi zikishusha kinga anaweza kuzaliana na kusambaa mwilini hadi akaua. Eksirei ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu pia ilipigwa. Baada ya hapo, steroidi yenyewe, haidrokotisoni ya mshipa miligramu 100 mara nne kwa siku, na sindano ya kuzuia damu kuganda miguuni. Wauguzi walishangaa: mtu anatoka damu, mnampa dawa ya kuifanya isigande? Ndiyo. Uvimbe mkali wa utumbo huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na mapafu, na hatari hiyo huua.

Siku ya tatu ndiyo ya kuamua, kwa sababu asiyepata nafuu hadi hapo huhitaji dawa kali zaidi au upasuaji wa kuondoa utumbo mpana. Yeye alikuwa ameshuka hadi mara nne, damu kidogo. Vipande viliporudi vilieleza vijifuko vya usaha ndani ya tezi na tezi zilizopotoka umbo, dalili ya uvimbe wa muda mrefu. Hakuna kifua kikuu, hakuna mayai ya kichocho, hakuna amiba. Miezi miwili baadaye, akiwa na nguvu zake, alikwenda Mwanza kwa kamera kamili. Ugonjwa umeshika upande wa kushoto, kuanzia rektamu hadi kwenye kona iliyo jirani na bandama. Safari yenyewe aliiogopa kuliko kamera, kwa sababu basi husimama kuchimba dawa pale dereva anapotaka, na mwenye kolaitisi hawezi kungoja hapo. Tulimwandikia barua ya kumpa kondakta, akapewa kiti cha karibu na mlango.

Je, ni ugonjwa wa Wazungu?

Swali hilo niliulizwa na mumewe, na nimeulizwa na wenzangu wa kada ya afya pia. Kihistoria maelezo yake yalianzia huko. Jina lilitumiwa na Samuel Wilks, London, mwaka 1859. Idadi kubwa kuliko zote zilizoripotiwa ni za Ulaya ya kaskazini. Norway imefikia wagonjwa 505 katika kila watu 100,000. Duniani kote wanakadiriwa kufika milioni tano. Hapa Afrika Mashariki, daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Uganda, alieneza hoja kwamba magonjwa ya utumbo mpana yasiyo ya vimelea ni nadra kwetu kwa sababu ya chakula chenye makapi mengi. Inawezekana kuna ukweli ndani yake. Lakini wanafunzi wa udaktari vizazi kwa vizazi wakabeba "nadra" wakaifanya "hakuna".

Japani nako ulihesabiwa kuwa nadra. Leo ina wagonjwa zaidi ya 200,000. Katika mji wa Leicester, Uingereza, familia zilizohamia kutoka Asia ya kusini zilionekana kupata ugonjwa huu kwa kiwango cha juu kuliko wenyeji wao. Kinachobadilika hapo ni maisha: chakula, miji, viuavijasumu utotoni, bakteria wa tumboni. Hayo yote yanabadilika Kigoma pia. Tufanye hesabu ya mfano tu. Mkoa wa Kigoma una watu karibu milioni 2.5 kwa sensa ya 2022. Tuchukue kiwango kidogo mno, watu watano kwa kila 100,000, sehemu moja ya mia ya kile cha Norway. Hao ni watu kama 120, na wengi wao wangekuwa vijana, maana ugonjwa hupenda kuanza kati ya miaka 15 na 30. Sijawahi kuona dalili ya watu 120 kwenye vitabu vya kliniki zetu. Kama wapo, wameandikwa amiba.

Dawa za kila siku

Aliondoka wodini na prednisoloni, steroidi ya vidonge, miligramu 40, zikapunguzwa taratibu kwa wiki nane. Uso ulijaa, majirani wakasema amepona kabisa. Steroidi si dawa za kukaa nazo: ukizizoea zinaharibu mifupa, zinapandisha sukari na presha. Kinachoshikilia nafuu kwake ni salfasalazini. Dawa hii ilibuniwa Sweden na daktari Nanna Svartz mwishoni mwa miaka ya 1930 akitafuta tiba ya viungo, na wagonjwa waliokuwa na kolaitisi wakaonekana kupata nafuu tumboni. Kwa mtu mwenye goti na utumbo vinavyoumwa pamoja, ni dawa inayofaa hasa, na bei yake ni nafuu kuliko ya mesalazini, dawa ya kundi hilohilo. Kabla ya kumpa tulimuuliza kuhusu mzio wa salfa, kama aliwahi kuvimba au kutoka vipele kwa SP au Septrin. Anameza na asidi ya foliki, na damu na ini vinapimwa. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa. Hatukuwa tumesahau kumwambia, alikuwa ameambiwa kabla, akacheka tu.

Mwezi wa tano wa kumeza dawa aliacha. Alijisikia mzima, na shangazi wa mumewe alimwambia vidonge vya muda mrefu vinaua figo. Damu ikarudi ndani ya wiki chache. Alirudi kliniki haraka safari hii, hakuhitaji kulazwa. Hapo ndipo nilipomwita mumewe na mama mkwe, kwa ruhusa yake, tukakaa wote wanne. Niliwaeleza kwamba hauambukizi, haukuletwa na mtu, haukuletwa na dagaa wala mawese, na kwamba hauna tiba ya kuung'oa isipokuwa kuondoa utumbo mpana wote. Mama mkwe aliuliza swali zuri kuliko yote: "Sasa mwanangu ale nini?" Alikuwa amekatazwa samaki, maharage, mafuta, maziwa, kila kitu, mpaka amebaki na uji. Ale dagaa, ale migebuka, ale ugali wa muhogo na ndizi. Siku ugonjwa umeamka apunguze maharage na mboga zenye nyuzi ngumu, akitulia arudie. Mama yule akasema, "Basi tulikuwa tunamuua kwa njaa." Nikamwambia hapana, bibi, mlikuwa mnafuata mlichoambiwa.

Anataka mtoto wa tatu. Hakuna kizuizi, ila ashike mimba ugonjwa ukiwa umetulia kwa miezi kadhaa, aendelee na salfasalazini, aongezewe foliki. Kuacha dawa kwa sababu ya mimba ndiko kunakohatarisha mimba.

Linalonisumbua zaidi sasa ni pesa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kipato cha mume na mke kilikatika pamoja, na ilibaki kidogo dawa nayo ikatike. Tulikubaliana anunue vidonge vya miezi mitatu na ziada kila Aprili, kabla ya kununua mzigo wa mwisho wa dagaa. Choo chake sasa ni mara moja au mbili kwa siku, damu imefika gramu 12.1, uzito kilo 59, na Kibirizi anasimama mwenyewe. Kamera ya kutafuta dalili za saratani ya utumbo mpana imepangwa 2029, kwa sababu miaka minane ya kuanza kuitafuta huhesabiwa tangu dalili zilipoanza, 2021, na siyo tangu 2023 ugonjwa ulipopata jina lake.